Usiku wa nyuzi 3 Londorossi: karavani iliyozibwa matundu, na jiko la mkaa lililoingizwa saa 8 usiku

Familia ya watu wanne, baba, mama na watoto wawili, ilitoka Moshi mwezi Julai ikivuta karavani iliyonunuliwa mtumba kutoka Ulaya. Walipita Boma Ng'ombe, Sanya Juu na Ngarenairobi, wakaegesha upande wa magharibi wa Kilimanjaro, si mbali na lango la Londorossi, kwenye mwinuko wa mita 2,200 hivi. Kabla ya saa 10 alfajiri wote wanne walikuwa wamelala kwenye nyasi nje, wamefunikwa blanketi, wawili wakitapika. Kipimajoto cha nje kilikuwa kinasoma nyuzi 3.

Baridi haikumdhuru yeyote. Kilichowaangusha ni kaboni monoksaidi, hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa, ambayo haina harufu wala rangi. Mkaa nao uliingizwa ndani kwa sababu kihita kilizimika, na kihita kilizimika kwa sababu ambazo zingeweza kuonekana mapema, kabla gari halijaondoka Moshi. Kila hatua ilikuwa na maana kwa aliyeichukua, na ndiyo maana tunaifuata moja moja.

Tuanze na hesabu ya baridi yenyewe. Moshi mjini iko mita 800 hadi 900, na usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 15 hivi. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi kama 6.5. Kutoka mjini hadi walipoegesha ni mita 1,300 au zaidi, kwa hiyo unaondoa nyuzi 8 au 9 na kubaki na 6 au 7. Hiyo ni kwa usiku wa kawaida. Usiku ambao anga ni safi, ardhi hupoteza joto lake haraka, na hewa iliyopoa kwenye miteremko ya mlima huteremka taratibu na kutuama mabondeni. Familia hii iliegesha kwenye kibonde karibu na korongo ili kukwepa upepo. Wangepanda mita chache hadi kwenye tambarare, nyuma ya safu ya miti ya kupandwa, wangepata kinga ya upepo bila kukaa ndani ya dimbwi la hewa baridi. Ukifika jioni tembea kwa miguu baada ya jua kuzama: mahali ambapo vifundo vya miguu vinahisi baridi ghafla si pa kulala.

Walifika saa 11 jioni, hali ya hewa nzuri, nyuzi 18. Baba akaichomoa karavani kwenye gari, akaisawazisha, akaacha friji ikifanya kazi kwa umeme wa volti 12 kama ilivyokuwa njiani. Hapo ndipo betri ilipoanza kufa.

Friji za karavani nyingi ni zile zinazopoza kwa joto, zinazoweza kutumia gesi, umeme wa nyumbani au volti 12. Kwa volti 12 zinakula ampea 10 hivi bila kupumzika, na zimekusudiwa kutumia umeme huo injini ikiwa inawaka tu. Karavani huwa na rilei inayokata friji gari likizimwa. Katika hii, fundi alikuwa ameiondoa rilei hiyo na kuunga waya moja kwa moja kwenye betri, pengine ili "isisumbue". Ampea 10 kwa saa 8, kuanzia saa 11 jioni hadi saa 7 usiku, ni ampea-saa 80. Betri ilikuwa ya ampea-saa 100, ya asidi, ambayo haifai kutumiwa zaidi ya nusu. Isitoshe, betri ya aina hiyo ikiwa kwenye baridi ya karibu na sifuri hutoa takriban asilimia 80 tu ya uwezo wake.

Wala haikuwa imejaa tangu mwanzo. Waya uliotoka kwenye gari ulikuwa wa milimita 2.5 za mraba, mita 7 kwenda na mita 7 kurudi. Waya wa shaba wa unene huo na urefu huo una ukinzani wa karibu omu 0.1, maana yake ampea 10 zikipita unapoteza volti 1 nzima njiani. Alteneta inatoa 14.2, betri ya nyuma inapata 13.2, na friji imekaa mdomoni mwa waya ikinyonya kwanza. Kwa hali hiyo betri haijai hata ukiendesha kutwa. Dawa ni waya mnene wa milimita 10 za mraba wenye fyuzi pande zote mbili, au chaja ya kupandisha volti inayofungwa karibu na betri ya karavani. Na kipimo cha bei rahisi kuliko vyote ni mita ya kupimia volti: betri iliyotulia saa moja bila kuchajiwa isome volti 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.2 iko nusu. Ukiona 12.2 wakati unatoka Moshi, usitegemee feni ya kihita usiku huo.

Saa 1 usiku mama alipika ndani kwa sababu nje kulikuwa kumeanza kupoa: ugali, mchuzi, kisha sufuria ya chai. Mlango ulifungwa. Baba alikuwa nje akichoma nyama kwenye jiko la mkaa. Watoto walirudi na masweta yenye umande, wakayatundika juu ya kitanda.

Sasa maji. Watu wengi wanaodhani wanapambana na baridi ndani ya karavani wanapambana na maji bila kujua. Kilo moja ya gesi ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke wa maji. Kupika chakula kile kulitumia gesi robo kilo hivi, kwa hiyo karibu gramu 400 za maji ziliingia hewani kabla hujahesabu mvuke wa sufuria zenyewe. Mtu aliyelala naye hutoa gramu 40 hadi 50 za maji kwa saa kwa pumzi na jasho. Watu wanne ni karibu gramu 180 kwa saa.

Karavani hiyo ndani ilikuwa na ujazo wa mita za ujazo 18 hivi. Hewa ya nyuzi 15 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 13 za maji kwa kila mita ya ujazo. Piga hesabu: hewa yote ya ndani inashika gramu 230 tu, kisha imejaa. Watu wanne wanaijaza kwa muda unaozidi saa moja kidogo tu, hata kama hakuna aliyepika. Kinachozidi lazima kitafute mahali, na mahali pake ni popote palipo baridi: fremu za alumini, pembe za dari, ndani ya makabati, na chini ya godoro. Saa 5 usiku matone yalikuwa yanatembea kwenye fremu ya dirisha la mbele, yanakusanyika kwenye kona ya chini, yanadondokea mto wa mtoto. Foronya ikalowa, shingo ya mtoto ikapoa, akaamka akilia kwamba kuna upepo.

Wazazi wakatafuta upepo huo, wakaupata: matundu ya hewa chini karibu na jiko, na kifuniko cha dari ambacho hakifungi kabisa. Wakaziba yote kwa matambara na mfuko wa plastiki.

Hili ndilo kosa kubwa la usiku mzima. Kila lililofuata lilijengwa juu yake. Matundu ya chini na ya juu katika karavani hayakuachwa wazi kwa uzembe wa kiwandani. La chini lina kazi mbili: kuingiza hewa safi na kutoa gesi ya kupikia ikivuja, kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni. La juu linatoa mvuke na hewa iliyochakaa. Hewa ya nje ya nyuzi 3 ni baridi, kweli, lakini imebeba maji kidogo mno. Ikiingia na kupashwa joto na miili ya watu inakuwa kavu na kufyonza unyevu. Ukiziba, ndani hupata joto la nyuzi 1 au 2 zaidi kwa saa ya kwanza, kisha matandiko yanaanza kulowa, na blanketi lililolowa halishiki joto. Watu hujikuta wanatetemeka ndani ya chumba ambacho kipimajoto kinasema kina nyuzi 12.

Kihita kilizimika saa 7 usiku. Kilikuwa kihita cha gesi cha aina iliyo salama, kinachovuta hewa ya kuunguza kutoka nje na kutoa moshi nje kwa bomba, feni na bodi yake vikitumia volti 12. Kihita cha namna hii kikizimika kuna washukiwa wawili, na kuwatofautisha ni kazi ya nusu dakika: washa jiko la kupikia. Moto ukiwa wa bluu na wenye nguvu, gesi ipo, tatizo ni betri. Moto ukiwa mdogo unaonyong'onyea, tatizo ni gesi. Hapa vilikuwa vyote viwili. Betri ilisoma 11.7, na moto wa jiko ulikuwa mdogo kama kucha.

Kuhusu gesi kuna maelezo yanayozunguka ambayo ni nusu ya ukweli. Husemwa kwamba butani, sehemu mojawapo ya gesi ya mtungi, haigeuki mvuke chini ya sifuri, basi mtungi unakuwa hauna kazi kwenye baridi. Butani huchemka kwa nyuzi -0.5 pwani, usawa wa bahari. Kwenye mwinuko wa mita 2,200 shinikizo la hewa limepungua hadi kama asilimia 77, na butani inaendelea kuchemka hadi nyuzi -7 hivi. Kwa hiyo nyuzi 3 peke yake haikutosha kuuzima mtungi. Kilichouzima ni kwamba ulikuwa mtungi mdogo wa kilo 6, uliobaki theluthi, na uliokuwa ukitoa gesi kwa nguvu tangu saa 1 usiku.

Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani huchemka kwa nyuzi -42, kwa hiyo ndiyo inayotangulia kutoka. Kadiri mtungi unavyokwisha, kilichobaki chini ni butani zaidi na zaidi. Pili, kimiminika kikigeuka mvuke huchukua joto kutoka kwenye chuma cha mtungi, na kimiminika kikiwa kidogo, eneo la chuma kinachogusana nacho ni dogo. Kihita cha kilowati 3 kikiwa wazi kabisa hula gramu 250 hivi kwa saa. Mtungi ukapoa kuliko hewa yenyewe. Baba alipomulika kwa tochi alikuta utando mweupe wa barafu umezunguka chini ya mtungi, umekatika sawasawa kwenye kimo cha vidole vinne. Mstari ule ndio usawa wa gesi iliyobaki; ni kipimo cha uhakika kuliko kuutikisa mtungi.

Kwa mwinuko ule chukua mtungi wa kilo 15 uliojaa, baada ya kupima kama unaingia wima kwenye sanduku lake, au mitungi miwili ya kilo 6 iliyojaa, ukibadilisha mmoja upumzike. Mtungi ukidhoofika usiku, punguza kihita badala ya kukiongeza. Mtungi uliopoa unaweza kusimamishwa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, yale ambayo mkono unayavumilia bila shida, nje ya karavani. Usiupashe kwa moto, usiumwagie maji yaliyochemka, na usiuingize ndani ukalala nao. Ukishabadilisha mtungi, paka maji ya sabuni kwenye regyuleta na maungio. Povu likivimba, funga.

Familia haikuwa na mtungi wa pili. Saa 8 usiku baba alikumbuka jiko la mkaa lililochomea nyama. Makaa yalikuwa yamefunikwa na majivu, hayatoi moshi hata kidogo, yanang'aa ndani. Akaliweka juu ya sinia, akaliingiza, akafunga mlango.

Makaa yasiyotoa moshi ndiyo yanayodanganya kuliko yote. Moshi ni alama ya vitu vingine. Kaboni monoksaidi hutoka kwa wingi pale kaboni inapoungua bila hewa ya kutosha, na majivu yanayofunika makaa yanasaidia hali hiyo. Ndani ya mita za ujazo 18, matundu yameshindiliwa matambara, jiko moja linatosha kuwaua watu wote waliolala. Sumu hii hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshikamana nayo. Tena haipandi juu na kukaa darini, bali huchanganyika na hewa yote, kwa hiyo kufungua kifuniko cha juu sentimita mbili huku jiko likiwaka hakumwokoi mtu.

Saa 9 na nusu mtoto mdogo alitapika. Mkubwa alilalamika kichwa. Mama naye kichwa kilikuwa kinagonga. Wakasema ni mlima. Mjini Moshi kila mtu ana ndugu au jirani aliyewahi kupanda Kilimanjaro kama mpagazi au mwongozaji, na kila mtu anajua kwamba kichwa na kutapika ni dalili za mwinuko. Walikuwa hata na oksimita ya kubana kidoleni, kifaa cha kupima oksijeni kwenye damu, ya shemeji anayefanya kazi mlimani. Ikasoma asilimia 96. Wakatulia, wakampa mtoto maji ya tangawizi.

Soma sehemu hii mara mbili kama unamiliki kifaa hicho. Oksimita ya kawaida inatofautisha damu kwa rangi tu, na damu iliyoshikwa na kaboni monoksaidi ni nyekundu vilevile. Itaonyesha 96 au 98 huku mtu anakufa. Mlimani inafaa sana. Kwa sumu ya mkaa haina maana. Tofauti ya kweli iko kwingine. Ugonjwa wa mwinuko ni wa mtu mmoja mmoja, na kwa kawaida haushiki nyumba nzima ndani ya saa moja na nusu katika mita 2,200. Watu wote wakiumwa kichwa pamoja, na hasa ukijisikia nafuu ukitoka nje, ni hewa ya ndani. Baba alitoka kujisaidia, magoti yakalegea akashika mlango, akakaa nje dakika kadhaa kichwa kikapungua. Aliporudi ndani kikagonga upya. Hapo akaelewa, akawatoa wote akiwakokota.

Alifanya sawa kwa mpangilio: watu kwanza, jiko baadaye. Anayekwenda kuhangaika na jiko kwanza anaweza kuanguka hapohapo. Baada ya kuwatoa, walazwe ubavu, wafunikwe vizuri, wasiachwe walale peke yao, na safari ya hospitali ianze usiku huohuo hata kama wanasema wamepona. Kwa hewa ya kawaida nusu ya sumu hutoka kwenye damu baada ya saa 4 au 5. Kwa oksijeni safi ya hospitali ni kama saa moja na nusu au pungufu. Kituo cha afya kilicho karibu kiwe na oksijeni, la sivyo moja kwa moja hospitali ya KCMC mjini Moshi, na maneno ya kwanza mapokezini yawe "tulilala na jiko la mkaa", kwa sababu bila hayo mgonjwa atapimwa malaria. Usahaulifu, kuchanganyikiwa au kutembea vibaya kunaweza kujitokeza siku au wiki kadhaa baadaye. Akionekana hivyo arudishwe.

Kengele ya kaboni monoksaidi ingelia mapema. Zinazokidhi kiwango cha Ulaya hulia ndani ya dakika 10 hadi 40 hewa ikifika sehemu 100 kwa milioni, na ndani ya dakika 3 ikifika 300. Ifungwe kimo cha kichwa cha aliyelala, mbali na jiko, na ibonyezwe kitufe cha majaribio kila safari. Karavani bila kengele isilale na kihita cha aina yoyote kikiwaka. Jiko la mkaa lisiingie kamwe, kengele iwepo isiwepo.

Na usiku uleule ungelalikaje bila moto kuwaka usiku kucha? Kwa urahisi. Chakula kipikwe nje chini ya turubai, au ndani na mlango wazi. Friji izimwe, maana nje pana baridi ya kutosha kuhifadhi nyama hadi asubuhi. Nguo zenye umande zibaki kwenye gari. Kifuniko cha dari kiachwe wazi sentimita 2, na dirisha la upande usio na upepo kwenye kituo cha kwanza cha komeo lake. Matundu ya sakafuni yaachwe wazi kabisa. Kihita, kama gesi na betri viko sawa, kiwashwe saa moja kabla ya kulala na saa moja kabla ya kuamka.

Halafu kitanda. Familia ilibeba blanketi mbili kwa kila mtu, zote zikawekwa juu. Baridi iliyowaamsha ilitoka chini, kwa sababu godoro la povu lilikuwa limekaa juu ya plaiwudi tupu, na chini ya plaiwudi ni sanduku la mizigo linalopitisha hewa ya nje. Blanketi moja ishuke chini ya mtu. Chini ya godoro weka vibao vya sentimita 2 ili hewa ipite, na juu yake mkeka wa povu wa sentimita 1 kama wanaotumia wapagazi. Mifuko ya kulalia ya mlimani hukodishwa kwenye maduka ya vifaa mjini Moshi, na mmoja mzuri unashinda blanketi tatu. Anayetaka kununua apite soko la Memorial akatafute duveti nene za mtumba, azibonyeze: zinazovimba tena haraka ndizo zenye kazi. Mzula kichwani, soksi kavu zilizovaliwa wakati wa kulala na si zile za mchana, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa imara ndani ya soksi, miguuni. Maji hayo kwa mwinuko ule huchemka kwa nyuzi 92 hivi, bado yanaunguza, kwa hiyo ya mtoto yapoe kwanza.

Mpira wa maji wa nje uchomolewe na kumwagwa jioni. Tangi halitaganda kwa usiku mmoja wa nyuzi 3, lakini mpira mwembamba ulio juu ya nyasi chini ya anga safi hupoa kuliko kipimajoto kilichotundikwa mtini, na maji yaliyosimama ndani yake yanaweza kuganda.

Karavani ikisharudi Moshi isifungwe na kuachwa juani. Toa magodoro yasimame wima kivulini, fungua makabati yote, futa fremu, fungua masanduku ya chini ya vitanda kwa siku mbili. Kisha pita na kidole gumba kwenye ukuta wa ndani, chini ya madirisha na kwenye pembe, ukibonyeza. Plaiwudi ngumu iko salama. Inapobonyea, maji yameshafika nyuma yake, na sehemu hiyo ifunguliwe na fundi kabla ya safari nyingine.